Grisi Isiyo na Chumvi

Ukipita Kagondo, mjini Bukoba, asubuhi ukamkuta mwanamke wa makamo amesimama kando ya pipa, amechovya kidole ndani na kukilamba huku amefumba macho, usishtuke wala usikimbilie kumwita balozi wa mtaa. Huyo ni Anatolia Rutaihwa, na yuko kazini. Hakuna grisi inayotoka kwenye banda lake kabla hajaionja. Akikunja uso, pipa zima linarudi jikoni. Akiitikia kwa kichwa na kujifuta kidole kwenye kanga, mzigo unapakiwa kwenda Muleba.

Wageni hucheka, na wacheke. Grisi yenyewe ni ya mafuta ya mimea, na tone moja halimdhuru mtu, ingawa kwa kuwa ndani yake kuna mafuta ya nyonyo, ukithubutu kulamba kijiko kizima utashinda chooni. Lakini tabia hiyo ya kulamba ina sababu yake, na sababu yenyewe ilimfanya baba yake mzazi amnyime neno mwaka mzima.

Anatolia alizaliwa Kyamuhoro, wilayani Muleba, katikati ya migomba na kahawa kama watoto wote wa huko. Jina lake la Kihaya ni Kokugonza. Baba yake, Mzee Rutaihwa, humwita Kokugonza moyo wake ukiwa mweupe. Akimwita Anatolia, lile la ubatizo, ujue kuna kitu kimeharibika. Kwa miaka kumi na sita binti huyo alikuwa mtunza maabara wa shule moja ya sekondari mjini Bukoba. Aliosha chupa, akapima asidi, akafunga kabati la kemikali na kuwafokea wanafunzi waliopenda kunusanusa vitu. Hakuwahi kufundisha kipindi hata kimoja, lakini mtaa mzima humwita Mwalimu, naye amechoka kuwakatalia. Shule ilipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani kwake Kagondo na barua ya shukrani, jozi ya glavu za mpira, na kichwa kilichojaa mambo aliyoyasikiliza miaka yote hiyo akiwa nyuma ya kabati.

Kilichomtoa kwenye kukaa bure ni mtaro wa stendi. Hapo karibu na stendi ya mabasi ndipo anapokaangia Shamsia, mama mmoja wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani na bibi yake alikuwa Mhaya halisi. Shamsia hukaanga mihogo na samaki mwaka mzima, na msimu ukifika hukaanga senene, wale panzi wa kuliwa. Siku moja Anatolia alimkuta ameinamisha karai, mafuta meusi yanaporomoka mtaroni kuelekea mto Kanoni, na kutoka hapo ziwani.

"Shamsia, unamwaga nini?"

"Uchafu, Mwalimu. Yamekaangiwa mpaka yamechoka."

"Usimwage. Nipe mimi."

"Ukampikie nani? Utaua watu!"

"Nitaipikia mashine," akasema Anatolia.

Shamsia alidhani kukosa kazi kumemwingia mwenzake kichwani. Hata hivyo alimpa dumu zima, maana mtu akikuondolea uchafu bure humwulizi maswali mengi. Anatolia aliyachuja mafuta yale kwa kitambaa, akayapasha moto, akayachanganya na methanoli na kostiki kidogo, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kisha akayaacha yatulie pipani. Asubuhi yake yalikuwa yamejigawa: chini gliserini nzito kama uji, juu dizeli safi ya rangi ya chai ya rangi. Gliserini akaitengenezea sabuni. Dizeli akaiosha kwa maji ya moto mara tatu, akaikausha, akampelekea Hamidi, mdogo wake Shamsia, mwenye mashine ya kusaga unga. Mashine ikanguruma bila kukohoa. Moshi wake ulinuka mihogo ya kukaanga, na Hamidi alilalamika kuwa wateja wake sasa wanafika na njaa na kuondoka na njaa zaidi. Lakini dizeli aliichukua, na wiki iliyofuata akataka nyingine.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mepesi. Ugumu ulikuja na grisi, na grisi ilikuja kwa sababu ya kahawa.

Kyamuhoro wana mashine ya kumenya kahawa mbivu, mali ya chama chao cha msingi cha ushirika. Ni ya zamani, ina ngoma ya shaba na mkanda mrefu unaovutwa na injini. Mzee Rutaihwa ndiye aliyeiendesha miaka thelathini na mmoja, kabla ya kumwachia Datius, kijana wa jirani aliyemfundisha mwenyewe. Kazi ya mashine ile hutumia maji mengi, na maji huisukuma grisi nje ya beringi. Grisi ya dukani, ile ya mafuta ya petroli, ilikuwa ikidondokea kwenye kahawa. Inayobaki ilishuka na maji hadi chemchemi ya bondeni, ambako akina mama waliteka maji yenye utando unaong'aa juu yake. Mwaka ule mzigo mzima wa chama ulirudishwa. Waonjaji wa wanunuzi walisema kahawa ya Kyamuhoro ni nzuri lakini inanuka mashine.

Habari hiyo iliuma kijiji kizima, lakini ilimuuma zaidi Mzee Rutaihwa. Kwake ilikuwa kama kuambiwa mwanawe ananuka.

Basi Anatolia akaenda kwenye mkutano wa chama mwezi wa Desemba, akiwa na vifurushi viwili vya majani ya mgomba. Alikuwa amechanganya mafuta ya Shamsia na mafuta ya nyonyo, akayapika na chokaa mpaka yakaganda, ikawa grisi ya rangi ya siagi. Kisha alizika madonge mawili shambani kwake, moja la dukani na moja lake, akayafukua baada ya wiki kumi. Alifungua vifurushi mbele ya wanachama. Donge la dukani lilikuwa vilevile, jeusi na linanata. La kwake lilikuwa limeliwa na wadudu, limebaki udongo mtupu wenye mafutamafuta.

Mwenyekiti, Bwana Lwakatare, mtu mnene mwenye ulimi mkali, aliinama akatazama.

"Kwa hiyo, binti Rutaihwa, unataka tuipake mashine yetu chakula cha sisimizi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Anatolia akawangoja wamalize.

"Udongo ndio unaoila, mwenyekiti, kwa sababu udongo una uhai. Ndani ya beringi hakuna udongo. Itakaa humo msimu mzima, na ikidondoka itaoza. Haitanuka kwenye kahawa, wala haitamfuata mtu kisimani."

Lwakatare alikuna kidevu. Mashine ilikuwa moja tu, na kila familia mle ndani ilikula kutokana nayo. Alikuwa anakaribia kukataa, na kwa kweli angekuwa na haki, Mzee Rutaihwa aliposimama. Kyamuhoro wana desturi yao: msimu haufunguliwi mpaka yule aliyeishika mashine miaka mingi zaidi amwage kikapu cha kwanza cha kahawa mbivu kwa mikono yake. Kabla ya hapo mizani haiguswi, hata kama foleni imefika barabarani. Mzee alikuwa amefanya kazi hiyo kila mwezi wa Mei tangu alipostaafu, naye aliisubiri kama watoto wanavyosubiri Krismasi.

"Nimeishika mashine hii miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nasema ipakwe grisi ya Kokugonza. Ikiharibika kwa mkono wake, msimu ukifunguliwa msiniite tena."

Hakuna aliyecheka. Neno la Rutaihwa halikuwa la kuchezea, na Lwakatare akaliandika kwenye kitabu cha mkutano.

Mashine ikapakwa, maana huko hupakwa grisi nyingi msimu unapoisha, ikafunikwa turubai na kuachwa ilale hadi Mei. Anatolia alirudi Kagondo akiwa anatembea juu ya mawingu. Hakujua kwamba ameacha nyuma yake msiba.

Siku ya kufungua msimu alivaa gauni lake la kwenda kanisani. Uwanja ulijaa. Mzee Rutaihwa alikuwa amesimama na kofia yake ya sherehe, kikapu cha kahawa nyekundu mikononi. Datius akavuta turubai, akawasha injini. Mkanda ukakaza, ukateleza, ukaanza kutoa moshi. Ngoma haikuzunguka. Datius akazima, akafungua kifuniko cha beringi, akaganda. Ndani mlikuwa mwekundu kwa kutu, na shaba ya ngoma ilikuwa imeota ukungu wa kijani pembezoni.

Lwakatare alikuja akachungulia. Akakirudisha kifuniko mwenyewe.

Mzee Rutaihwa aliweka kikapu chini taratibu, kahawa isimwagike. Akavua kofia, akaishika mkononi, akaondoka. Watu walimpisha njia. Hakumtazama mtu, na Anatolia alipomwita hakugeuka.

Alimfuata nyumbani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, Anatolia."

Ikawa basi. Alisubiri pale mpaka miguu ikamwuma. Juu ya rafu palikuwa na akaibo, kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko kilichochongoka, ambamo mzee huweka akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri ikakaushwa, ya kumtafunisha mgeni. Kila aingiaye nyumba ile hupewa punje mbili tatu. Afisa wa ushuru hupewa. Muuza vyandarua hupewa. Hata jirani aliyewahi kuhamisha mpaka wa shamba kwa hatua mbili alipewa, ingawa kwa kununa. Siku hiyo akaibo haikushuka. Anatolia angependa zaidi apigwe kofi.

Mashine ilisafishwa kwa msasa na petroli siku nne nzima, ikapakwa tena grisi ya dukani, na msimu ukaanza bila kufunguliwa na mtu. Kahawa ikaendelea kunuka. Beringi ya kushoto, ambayo imelia tangu mzee akiwa kijana, sasa ilipiga kelele mpaka bondeni.

Kama kuna mtu anadhani Anatolia alilia siku mbili akasimama kishujaa, hamjui. Alilia mwezi mzima. Alilia akisugua mapipa, akilipa nauli, akiwa kanisani wakati wa matoleo. Kilichomtesa si kucheka kwa watu. Kilichomtesa ni ile kofia mkononi mwa baba yake. Mzee alikuwa ametoa kitu pekee alichobaki nacho cha kujivunia, akakiweka juu ya kazi ya binti yake, na binti yake akakivunja mbele ya kijiji.

Halafu, siku moja ya Juni, machozi yakamwishia na hasira ikaanza, na hasira ya Anatolia ni kitu chenye manufaa. Alipanga chupa za jamu kumi na mbili dirishani, kila moja na msumari mpya ndani. Moja aliitia chokaa tu, nyingine mafuta ya nyonyo, nyingine dizeli yake, nyingine grisi yenyewe, na kadhalika. Alikuwa na hakika kosa ni la chokaa. Julai ikapita, msumari wa kwenye chokaa ukabaki unang'aa. Akaishuku nyonyo, msumari wa nyonyo nao ukang'aa. Wa kwenye grisi ukawa mwekundu. Jambo la kumtia mtu wazimu ni kwamba msumari wa kwenye dizeli haukuota hata doa, na dizeli ile ilitoka kwenye dumu lilelile la mafuta ya Shamsia.

Tofauti aliijua: dizeli huoshwa kwa maji, na grisi ilikuwa haijaoshwa. Maji, basi, yalikuwa yanaondoa kitu. Lakini kitu gani? Alinusa, akatazama kwa lenzi, akatumbukiza karatasi zote za maabara alizokuwa nazo. Agosti, Septemba, Oktoba. Huko Kyamuhoro mzee hakutuma salamu. Anatolia alipeleka sukari kupitia Datius, na Datius akarudi na jibu kuwa sukari imepokelewa.

Novemba senene wakaja. Bukoba wakati huo haina mambo mengine: kila mlango una ungo, kila mkono unanyonyoa mabawa, na mji mzima hunukia kitunguu. Anatolia alienda kwa Shamsia kuchukua madumu yake, akaketi kwenye benchi, akapewa kisahani. Shamsia alikuwa akikaanga. Alitia senene karaini, akageuza, kisha bila hata kutazama akachota konzi ya chumvi kutoka kwenye bakuli na kuitupa humo. Akageuza, akatupa nyingine.

Anatolia aliacha kutafuna.

"Shamsia, yale mafuta ya mwaka jana uliyonipa Desemba. Yalikuwa ya nini?"

"Si ya senene? Mwezi ule nani anakula muhogo?"

Anatolia aliinuka, akafungua dumu la mafuta yaliyochakaa, akachovya kidole na kukilamba. Shamsia akapiga ukelele na kushika kichwa.

"Chumvi!" Anatolia akasema. Akalamba tena. "Shamsia, chumvi!"

"Sasa senene utawala bila chumvi? Watu wa mji huu si watanifukuza!"

Kosa lenyewe lilikuwa hilo tu, na mtu wa mkoa mwingine labda angeligundua siku ya kwanza. Lakini kwa mtu wa Kagera, chumvi kwenye senene haionekani. Imekuwepo tangu umeota meno, wala huihesabu, kama usivyohesabu hewa. Miezi mitano Anatolia alipima kila kitu duniani isipokuwa kitu alichokuwa anakila. Unyevu wa mafuta yale ulikuwa umebeba chumvi, na chumvi ililala kwenye beringi za baba yake tangu Desemba mpaka Mei ikizila polepole. Alimkumbatia Shamsia pale mbele ya wateja, karai linafoka, na wote wawili wakacheka mpaka senene wakaungua.

Tangu siku hiyo banda la Kagondo lina sheria. Mafuta ya senene huenda kwenye dizeli tu, maana huko huoshwa. Mafuta ya mihogo na ya nyonyo huenda kwenye grisi, lakini nayo huoshwa kwanza kwa maji ya moto mara tatu, kisha huchemshwa mpaka yaache kupasuka sufuriani. Na mwisho, kidole.

Kugundua ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Anatolia hakwenda kwa Lwakatare na maneno. Alimwendea Datius na kumwomba ile mashine ndogo ya mkono iliyotelekezwa nyuma ya ghala.

"Hiyo? Kuku wanatagia humo," Datius alisema.

"Watafute pengine."

Aliisafisha, akaipaka grisi mpya, kisha akafanya jambo ambalo Datius aliliona la kichaa: akaitoa nje, bila paa wala turubai, kuanzia Desemba. Wanaoijua mvua ya Kagera hawahitaji kuelezwa. Ilinyeshewa Januari, ikanyeshewa Februari kidogo, Machi na Aprili ikapigwa na masika mpaka nyasi zikaota kwenye miguu yake. Mwisho wa Aprili, Datius alimwita mwenyekiti. Lwakatare alikuja na mwavuli, akakagua nyasi, akatazama mpini. Halafu akausukuma kwa kidole kimoja.

Ukazunguka. Ukaendelea kuzunguka hata baada ya yeye kuondoa kidole.

Lwakatare aliutazama mpaka ukasimama wenyewe. "Sisimizi hawakuila," alisema hatimaye.

"Sisimizi hawapandi mashine, mwenyekiti," Anatolia akajibu.

Wiki hiyohiyo, chama kikakubali. Datius akaisafisha mashine kubwa, akaipaka grisi ya Kagondo mbele ya mashahidi. Wanachama walitaka Anatolia mwenyewe amwage kikapu cha kwanza. Alikataa katakata. Kikapu kina mwenyewe, alisema, na mwenyewe yuko nyumbani. Wakamtuma Datius kumwita mzee, na mzee akajibu kuwa neno lake limo kwenye kitabu cha mkutano, wakalisome.

Siku ya kufungua ikafika. Kahawa ilikuwa imerundikwa, watu wamejipanga, na kikapu cha kwanza kiliwekwa juu ya meza peke yake. Lwakatare aliamuru mashine iwashwe na maji tu, bila kahawa, iendelee kuzunguka. Hakusema wanangoja nini. Ikazunguka robo saa, ikazunguka nusu saa. Watu walianza kuguna. Anatolia alisimama kando ya ngoma.

Hapo ndipo wakamwona Mzee Rutaihwa anapanda kilima kwa fimbo, haraka kuliko inavyomfaa mtu wa umri wake, amekunja uso kweli. Nyumba yake iko chini kidogo, na tangu zamani aliujua msimu umeanza kwa kilio cha beringi ya kushoto. Asubuhi yote alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza, na kilio hicho hakukisikia.

"Datius!" alifoka akiwa bado mbali. "Jua limefika wapi? Watu wameleta kahawa, wewe umelala? Kwa nini hamjawasha?"

Datius alinyoosha mkono tu, akaionyesha mashine.

Mzee akageuka. Ngoma ya shaba ilikuwa inazunguka mbele ya macho yake, inang'aa, maji yanateremka juu yake. Injini ilikuwa inanguruma kule nyuma ya ukuta, lakini beringi ya kushoto ilikuwa kimya kabisa. Alisogea. Akaweka kiganja juu ya kifuniko chake, jinsi mama anavyompima mtoto homa, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akachota grisi iliyojitokeza ukingoni, akaitazama, na mbele ya kijiji kizima akailamba.

"Haina chumvi," akasema.

Kumbe alijua. Datius alikuwa akimpelekea habari zote mwaka mzima, na mzee alikuwa akiuliza kila Jumapili.

Lwakatare alichukua kikapu mezani akamletea kwa mikono miwili. "Mzee, tulikuwa tunakungoja. Kitabu cha mkutano kina ukurasa mwingine." Rutaihwa akakipokea. Kahawa nyekundu ikamiminika kwenye mashine, maganda yakatoka upande huu na punje safi upande ule, na vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Anatolia alilia waziwazi na hakujificha.

Lakini Rutaihwa ni Rutaihwa. Alivaa kofia, akapita karibu na binti yake, akasema: "Mashine imekubali, Anatolia. Kahawa haijaonjwa." Akaenda zake.

Kwa hiyo alingoja tena. Mei ikaisha, Juni ikaisha. Chemchemi ya bondeni ilirudi kuwa maji matupu, na akina mama wa kule wakaanza kumletea mbegu za nyonyo kwenye vikapu bila kuombwa. Katikati ya Julai simu ya Lwakatare ikaja, na mwenyekiti alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba Shamsia, aliyekaa upande wa pili wa banda, alisikia kila neno. Waonjaji wameikubali kahawa ya Kyamuhoro yote, gunia kwa gunia. Haina harufu yoyote isipokuwa ya kahawa. Chama jirani wanataka grisi, na chama cha tatu pia.

Siku ya tatu yake, basi la Muleba lilimshusha Mzee Rutaihwa Bukoba, naye akapanda bodaboda hadi Kagondo. Hakuwa amewahi kufika kwenye banda la binti yake. Alikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba kifuani, amekikumbatia njia nzima. Anatolia alipiga magoti kumsalimu, Shamsia naye akasalimu, kiti kikaletwa. Mzee alizungusha macho: mapipa ya dizeli, mapipa ya grisi, sabuni zimepangwa, misumari dirishani.

"Mgeni hapa ni mimi," alisema. "Lakini nimeleta mwenyewe."

Akafungua majani. Ndani mlikuwa na akaibo, ileile ya kwenye rafu. Akainua kifuniko, akachukua punje moja akaitafuna kwanza, kama inavyotakiwa ili mpokeaji asiwe na shaka, kisha akamnyooshea binti yake kikapu chote.

"Chukua, Kokugonza."

Alipokea kwa mikono miwili. Alitafuna huku machozi yanashuka. Shamsia naye alipewa zake, akatafuna. Baadaye mzee aliomba fimbo yake ili awahi basi la kurudi. Anatolia akafunika akaibo na kumrudishia. Mzee hakunyoosha mkono.

"Iache hapa. Wageni watakuja wengi," alisema, akiinuka kwa taabu. "Na mwezi wa Mei uje mapema. Nimeshamwambia Lwakatare aandike kitabuni. Kikapu cha kwanza utamwaga wewe."